Mfungaji Asiyesali

Kwii. Kimya. Kwii. Kimya. Kiatu cha kulia cha Misi kililia kila kilipokanyaga saruji, na cha kushoto kilikuwa na adabu zake. Mimi sikumwona. Nilikuwa nyuma ya darasa, nimepiga magoti mbele ya ndoo ya maji ya kufutia ubao, macho nimeyafumba, na wasichana walikuwa wakiimba wimbo wa asubuhi bila mwalimu wao, wakilivuta kila neno kama kamba ya kisima. Kiatu kikaja, kikalia mara ya mwisho, kikanyamaza karibu na sikio langu.

"Mwalimu, u mgonjwa?"

"Hapana, Misi," nikasema, nikajifuta mdomo. "Nina mimba."

Nilisema kwa furaha, na sababu za kufurahi nilikuwa nazo. Nilikuwa nimeolewa kanisani mwao, mbele ya madhabahu yao, ndani ya gauni lililoazimwa katika kabati lao. Mchungaji wao alisimama juu yetu akatuombea kwa sauti kuu tujaliwe uzao. Basi uzao ulikuwa umesikia ukaja. Lakini Misi, aliyeitikia Amina siku ile kwa nguvu kuliko watu wote, sasa alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya vyombo.

Misi ndiye aliyekuwa mkuu wa shule ile ya wasichana ya misheni, huku kwetu Kisauni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Mtu mbaya unamtukana moyoni, mambo yakaisha. Misi alinishika mkono, akanikalisha kitini, akaniletea maji katika kikombe chake mwenyewe, kisha akanifukuza kazi.

"Tunafurahi sana pamoja nawe," alisema. "Ila wasichana, mwalimu. Wasichana hawapaswi kuona."

"Kuona nini, Misi?"

Akaashiria kwa kidole kidogo, upande wa tumbo langu, bila kulitazama.

Wasichana wale walitoka katika nyumba ambamo mama zao walizaa nyuma ya pazia la marekani, watoto wakubwa wakichemsha maji. Wengine walikuwa wamekata vitovu vya ndugu zao kwa mikono ile ile waliyoshikia chaki. Lakini ilidhaniwa kwamba wakiliona tumbo la mwalimu wao watajifunza jambo. Nikafunga kitambaa changu cha kichwa, nikatoka. Nyuma yangu wimbo ulikuwa umefika kwenye ubeti wa watoto wadogo wanaopendwa.

Mume wangu alikuwa askari Bama, mbali ng'ambo ya Bara Hindi, katika vita vya watu wengine. Mshahara wake wa kijeshi ulipitia kwanza kwa baba yake, vilimani nyuma ya Rabai, na ulipofika kwangu ulikuwa umechoka kuliko mimi. Nilichokuwa nacho ni chumba kimoja Magogoni, chenye dirisha moja na ufunguo mmoja, na ufunguo ule ulikuwa wangu. Bila kazi, chumba kingekwenda. Chumba kikienda, nami ningekwenda kwa wakwe, nikatwange mahindi chini ya macho ya mama mkwe, aliyeamini kwamba kusoma hukausha maziwa ya mwanamke. Nilitaka mtoto wangu azaliwe katika chumba kile, asubuhi, jua likiingia kwa lile dirisha moja na kukaa kwenye sakafu kama paka. Hayo ndiyo yote niliyoitaka dunia mwaka ule, na dunia ilikuwa na mambo yake.

Kwanza nilikwenda Changamwe, kwa mke wa bwana mmoja wa reli, niliyesikia anataka yaya. Nilimkuta barazani amelala kwenye kiti kirefu, miguu juu ya mto, mpishi akimpepea kwa kipande cha kadibodi. Tumbo lake lilikuwa kubwa mara mbili ya langu.

"Wewe iko na mtoto ndani?" akaniuliza kwa Kiswahili chao kile, kinachotembea bila viatu.

"Ndiyo, memsahibu."

"Oh, pole sana. Mwanamke ya namna hii hapana weza kazi. Yeye choka. Yeye taka lala tu."

Akasema hivyo akijigeuza kwa shida upande wa pili ili upepo umfike mgongoni. Alilitazama tumbo langu, nami nikalitazama lake, na kwa kitambo kidogo sana tukawa wanawake wawili. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akamwambia mpishi anipe ndizi.

Ndizi niliila njiani. Sikuwa na hali ya kuwa na kiburi.

Nikavuka hadi Likoni, kwa fundi cherehani aliyekuwa na kazi ya kushona kaptura za askari na aliyetaka watu wa kukaza vifungo. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, na aliongea bila kuzitoa. Alinitazama toka juu hadi chini kama anayenipimia suti.

"Gauni limekubana, dada."

"Si gauni, fundi."

"Naam, naona si gauni. Basi njoo ukiisha kupungua."

Nilimwambia kwamba mume wangu yuko Bama, na huenda wakati ule ule alikuwa amevaa kaptura iliyotoka katika cherehani ile ile.

"Alaa! Msalimie," akasema fundi, na pini zikacheza. "Mwambie asiifue kwa maji ya moto."

Kwenye kivuko nikirudi, mshono wa ubavuni wa gauni langu uliachia, polepole, kama mtu anayecheka akijizuia. Gauni lile lilikatwa kwa kielelezo cha misheni, kielelezo kilichoamini kwamba mwanamke Mkristo ana kiuno, na kwamba atakuwa nacho siku zote.

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa shoga yangu, mwanamke wa Kidigo, mke wa kuli wa bandarini. Aliponiona nimeshika ubavu kwa mkono alidhani nimeumia. Alipoona ni mshono, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe shoga, ulimwengu mzima unavaa buibui kuficha uso, wewe una tumbo la kuficha na wazunguka na kigauni! Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na buibui lake la pili, lililopauka kidogo mabegani. Akanivisha kichwani, akaliteremsha, akarudi nyuma kunitazama.

"Haya. Sasa huna tumbo, huna kanisa, huna mume, huna lolote. U mtu wa heshima."

Nasema wazi kwamba sikumdanganya mtu kwa ulimi wangu. Vazi lilisema lenyewe. Nilipita njia ile ile niliyopita miaka miwili nikienda shuleni, na wanaume wale wale waliokuwa wakiniita "mwalimu" wakati wakinitazama miguu, sasa walinipisha na kuinamisha macho. Sikuwa nimebadilika kitu ila kitambaa. Nikatembea ndani ya giza lile jepesi, upepo wa baharini ukilijaza na kuliachia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo nikajiona nina nafasi.

Shoga yangu alikuwa amesikia kwamba kuna bi mkubwa mmoja, mjane mwenye nyumba ya mawe upande wa Kisauni unaotazama mkono wa bahari, anayetafuta mshonaji wa kofia. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unaishia. Baada yake Ramadhani, na baada ya Ramadhani Idi, na siku ya Idi hakuna mwanamume anayetaka kuonekana na kofia ya mwaka jana. Kwa ajili ya vita, kitambaa cheupe kilikuwa adimu kama mvua ya kaskazi, lakini Bi Mkubwa alikuwa nacho, na hakuna aliyemwuliza amekipata wapi.

Nilipiga hodi, nikasema shikamoo, maneno yasiyo na dini. Aliponiuliza jina nikataja langu la ubatizo, ambalo kwa bahati limo katika vitabu vya pande zote mbili.

Bi Mkubwa alikuwa mwembamba, mrefu, na macho yake yalikuwa ya mtu anayenunua samaki. Hakuuliza mimi ni wa nani wala nimetoka wapi. Alinitupia kipande cha kitambaa na sindano.

"Toboa."

Kofia zile ni za vitundu. Unatoboa kitundu kidogo kwa sindano nene, kisha unakizungushia uzi mpaka kinakuwa jicho dogo jeupe, na jicho la pili kando yake, na la tatu, mpaka kofia nzima inakutazama. Misi alikuwa ametufundisha mshono wa namna hiyo kwa vitambaa vya meza. Nikatoboa, nikazungusha. Bi Mkubwa akakiinua kipande kwenye mwanga wa mlango.

"Alhamdulillahi," akasema, hakusema kwangu. Kisha kwangu: "Nakuchukua mpaka Idi. Idi ikipita, baada yake zaja harusi, na mie nitaweka mmoja tu. Nina mwengine hapa ashonaye. Atakayeshona vyema ndiye atakayekaa. Wafahamu?"

"Nafahamu, Bi Mkubwa."

"Basi vua buibui, ukae."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikulifikiri jambo hili hata mwisho wake. Buibui ni la njiani. Ndani ya nyumba, baina ya wanawake, huvuliwa. Nikalivua, na chini yake nilikuwa na leso mbili, moja nimeifunga chini ya makwapa na ya pili mabegani. Nikakaa haraka sana, nikavuta kikapu cha vitambaa mapajani, na kwa mwezi ule wote kikapu kile hakikutoka mapajani pangu isipokuwa kwa amri.

"Waona baridi?" akauliza yule mshonaji mwingine.

"Nina kihoma kidogo."

Jasho lilikuwa likinitiririka mpaka kidevuni.

Mshonaji huyo mwingine alikuwa msichana aliyeachika karibuni, mwenye kipini puani na ulimi usiolala. Huyo ndiye niliyeshindana naye. Vitundu vyake vilikuwa vya haraka, na vilipinda kidogo upande wa kushoto kama watu wanaosikiliza mlangoni. Nilimpenda, na nilimwombea mabaya.

Mwezi ukaandama.

Mimi nimelelewa na watu wanaofunga kwa kuacha sukari. Kwaresima yetu ilikuwa ya huzuni ndogo ndogo, na kila Jumapili ilikuwa na msamaha wake. Sikujua lolote la saumu ya kweli ila kwamba hawali mchana. Nikajiambia: basi, sili mchana. Kama ningekula chumbani kabla ya kutoka, yule mwenye kipini angeninusa, kwa kuwa alikuwa akimnusa kila aingiaye, paka pia. Kwa hiyo nilikula daku gizani na shoga yangu, muhogo na chai, na baada ya hapo sikutia hata tone la maji kinywani mpaka jua lizame.

Ndani yangu alikuwamo mtu ambaye hakushauriwa. Adhuhuri, wakati mtaa mzima umelala kimya, mbwa wamejinyoosha na kuku wamefungua midomo, yeye aliamka. Aligonga kwa kisigino kidogo, kwa adabu kwanza, kisha kama mwenye nyumba anayedai kodi. Niliinama juu ya kofia nikimwambia moyoni, ngoja, bwana mdogo, ngoja mpaka magharibi. Vitundu vilicheza mbele ya macho yangu. Vyote vilikuwa vimenyooka. Njaa ilinipa unyofu nisiokuwa nao hata nikiwa nimeshiba.

Lakini palikuwa na jambo moja nililolikataa. Saa za sala zilipofika, wenzangu waliinuka kutawadha, nami niliinuka na ndoo, nikaenda kisimani uani, nikavuta maji polepole mpaka wamalize. Saumu niliweza kuiazima kama buibui. Sala ya watu sikuthubutu. Kuinama mbele ya Mungu wa jirani kwa ajili ya kazi ya kofia kulionekana kwangu ni utovu wa adabu kwa Mungu huyo. Basi nikavuta maji. Mapipa ya nyumba ile hayakupungua mwezi mzima, na Bi Mkubwa akanisifu mbele za watu.

Wateja walipokuja, aliwaonyesha kofia zangu mlangoni.

"Zitizame. Zimeshonwa na mikono yenye saumu. Si kofia za dukani hizi, zimeshonwa na watu wasioonja kitu tangu alfajiri."

Wateja wakatikisa kichwa kwa heshima, wakalipa alichosema. Nami nilikuwa ndani nyuma ya pazia, koo limekauka, na nilijiambia kwamba katika biashara yote ya Mombasa mwaka ule pengine hiyo ndiyo sifa iliyokuwa ya kweli neno kwa neno.

Nilijiona mwerevu sana. Yule mwenye kipini hakufunga siku zote. Katikati ya mwezi nilimwona siku kadhaa anakula mahamri jikoni bila haya, na Bi Mkubwa akimpitia hapo hapo asimwambie kitu. Nikamhukumu. Nikasema moyoni, tazama, Mkristo anafunga kuliko wenyewe! Nikaongeza bidii. Nikaanza hata kutembea kwa unyonge wa utakatifu, mkono mmoja ukutani.

Siku moja kabla ya Idi, alasiri, kofia za mwisho zilipokuwa zinapigwa pasi, Bi Mkubwa aliniita.

"Abee, Bi Mkubwa."

"Ndoo hapa. Uwache hicho kikapu."

Kwa Kimvita chake ndoo ni njoo, basi nikaja bila kikapu. Yule mwenye kipini aliweka pasi juu ya kigae, akakunja mikono. Alikuwa ameusubiri mchezo ule kwa siku nyingi. Ilionekana usoni mwake.

"Mwanangu," akasema Bi Mkubwa, "tangu mwezi uandame hujala hata siku moja."

"Sijala, Bi Mkubwa," nikajibu kwa fahari.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Mashallah," akasema yule mwenye kipini, na bega likaanza kumtikisika.

"Mimi," Bi Mkubwa akaendelea, "nafunga mwezi mzima, kwa kuwa mimi ni ajuza na mambo ya mwezi yamenitoka. Huyu hapa hafungi mwezi mzima. Akiingia siku zake hula, na sala hasali, kisha saumu huilipa baadaye. Ndivyo dini ilivyo, na kila mwanamke ajua, hata kitoto cha chuo cha Kurani. Sasa wewe, kijana, ngozi yako yang'ara hivi, wafunga toka mwanzo mpaka mwisho. Siku zako ziko wapi?"

Nilisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa mlango wa choo.

Yule mwenye kipini hakuweza kujizuia tena.

"Na hasali!" akapiga kelele. "Wallahi, Bi Mkubwa, twamuangalia kila siku! Adhuhuri kisimani, alasiri kisimani. Mwenye siku zake hasali, lakini hula. Mwenye kufunga hufunga, lakini husali. Huyu hasali na hali! Hebu tuambie, dada, hiyo yako ni dini gani mpya?"

Wakacheka wote wawili. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka, kwa kuwa hesabu yao ilikuwa safi mno. Asiyesali si wao. Asiye na siku ni mja mzito. Walikuwa wameanza kunisoma tangu kumi la kwanza la mwezi, vazi, leso, kikapu na vyote, kwa kitu kimoja tu: nilikuwa nimefunga vizuri kupita kiasi.

"Tumbo lako la miezi mingapi?" Bi Mkubwa akauliza, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

Nikamwambia.

"Na ulikuwa wamfungisha huyo? Bila maji? Jua hili?" Akasimama. "Hata ungekuwa wetu, mwenye mimba ana ruhusa! Dini yetu yamhurumia, wewe ukamkaza! Nani alikutuma kuwa na imani kuliko sisi?"

Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na bakuli la uji wa daku uliobaki na mahamri mawili, akaviweka mbele yangu.

"Kula."

"Bi Mkubwa, nyie mmefunga."

"Sisi twafunga. Wewe kula."

Nikala mbele yao. Sijapata kula chakula kigumu kumeza kama uji ule. Yule mwenye kipini alinitazama kila tonge toka mkononi hadi mdomoni, akameza mate, akasema, "Ladha yake?" na Bi Mkubwa akampiga kofi la begani. Mtoto alizunguka tumboni mara moja, akalala.

"Kama mlijua tangu mwanzo," niliuliza, "kwa nini hamkunifukuza?"

Bi Mkubwa alinishangaa.

"Na kofia za Idi zingeshonwa na nani?"

Hapo ndipo nilipomheshimu. Misi alinifukuza kwa upole. Huyu alinitumia kwa ukali na alinipa uji. Lakini hakusema kama nitabaki. Alisema tu, "Idi ikipita, ndoo tuzungumze," na nikaenda nyumbani bila kujua kama bado nina ufunguo.

Idi ikapita. Nikamrudishia shoga yangu buibui lake, nikaachia mshono wa gauni kwa pande zote mbili, nikaongeza kipande cha kanga ubavuni, nikaenda Kisauni nikiwa nimevaa tumbo langu waziwazi. Njiani wanaume wakaanza tena kunitazama miguu. Nikajua nimerudi.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa ukumbini, mbele yake kofia yangu moja na moja ya yule mwenye kipini, zimewekwa kwenye mto kama vichwa viwili vya wakubwa. Kabla hajafungua kinywa, hodi ikapigwa mlangoni, na kiatu kikalia. Kwii.

Habari zilikuwa zimefika misheni. Mtu fulani aliyeniona njiani alikuwa amesema nimesilimu, na Misi alikuwa ametembea kwa miguu jua kali, kofia yake ya majani imelowa jasho, kumtafuta kondoo. Uso wake ulikuwa mwekundu na wenye huruma ya kweli. Alikaribishwa kitako, akaletewa halua na kahawa, akavipokea kama mtu anayepokea vitu vya ushahidi mahakamani.

"Mwanangu mpendwa," akaniambia, "tumeomba kwa ajili yako kila jioni."

"Ahsante, Misi."

"Ni kweli? Umeiacha imani yako?"

"Sikuiacha, Misi. Nilivaa buibui kwa sababu ya tumbo, nikafunga kwa sababu ya kazi."

Akashusha pumzi ndefu sana, mpaka mabega yakaporomoka. Nilimwona akitua mzigo. Akanishika mkono kama siku ile ya ndoo.

"Namshukuru Mungu. Basi uondoke nyumba hii, urudi kwetu."

Moyo wangu ukaruka, nakiri. Niliona darasa, ubao, wasichana wakivuta wimbo wao. Lakini Bi Mkubwa, aliyekuwa akichambua uzi, aliinua kichwa.

"Arudi kwa kazi gani, bibi?"

Misi akageuka. "Kazi?"

"Kazi. Ulimtoa, sasa wamrudisha. Nauliza, wamrudisha kazi gani?"

"Kwa sasa, bila shaka, haiwezekani," Misi akasema polepole. "Mtoto akiisha kuzaliwa, na akiisha kuacha ziwa, labda kamati itafikiri. Lakini tutakuwa pamoja naye katika sala."

"Sala hata sisi twamwombea," akasema Bi Mkubwa. "Sala haina ugomvi. Mimi nataka mtu wa kutoboa. Una kazi ya kumpa, mchukue, nami nitakufungia halua uende nayo. Huna, niwachie niseme naye."

Misi alinitazama. Nilimngoja. Nilimpa nafasi ya kutosha. Ningalikubali kufagia darasa lile. Aliinama, akatazama kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa, na nikaona wazi mambo yalivyokuwa kwake: roho yangu ilikuwa salama, na tumbo langu halikumhusu. Alikuwa amekuja kuzima moto, akakuta ni moshi wa jikoni. Sasa alitaka kurudi nyumbani kabla jua halijazidi.

"Usikose Jumapili," aliniambia.

"Nitakuja, Misi. Kama watu hawatanitazama."

Akawa mwekundu zaidi, akasimama, akatafuta kofia yake ya majani.

Bi Mkubwa hakungoja atoke. Alikuwa ameshaichukua kofia ya yule mwenye kipini, akaigeuza, akaiweka kando kwa ubavu wa mkono. Kisha akanitupia kitambaa kipya kilichokatwa, cha kofia ya bwana harusi, nacho kikaniangukia juu ya tumbo kikakaa hapo hapo, kama mezani.

"Huyu vitundu vyake vyapinda," akasema. "Atapika na kupiga pasi. Wewe utakaa ushone mpaka uchungu ukushike, na ukikushika utaweka alama ulipofika. Na wala usivute maji tena, mapipa yanimwagikia."

"Na wakati wa sala?" nikauliza.

"Wakati wa sala toboa. Kofia haiulizi."

Yule mwenye kipini akabinua mdomo kwangu, lakini hakuwa na chuki nyingi. Pasi aliipenda kuliko sindano. Akaondoka kumsindikiza mgeni. Nikasikia kiatu kikivuka ukumbi, kwii, kimya, kwii, kikashuka kizingiti kwenda barazani, na Misi akasema kwaheri kwa sauti ya mtu anayezungumza na kuta. Nilikuwa nimeshatia uzi. Nikatoboa kitundu cha kwanza, na nyuma ya Misi yule mwenye kipini akaurudisha mlango mzito wa mbao kwa nyonga, akausukuma kwa mikono miwili, akatia komeo.